Wenzangu watatu miguu inakufa ganzi tangu gundi ibadilishwe, tuanzie wapi?

MezaYaSoli
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana hapa nilipo nimekwama. Nafanya kazi karakana ya viatu, tuko watu 22, mimi niko meza ya kubandika soli. Kama miezi mitano iliyopita walibadilisha gundi na ile dawa ya kufutia soli kabla ya kupaka, tukaambiwa hii mpya inakauka chap na kweli inakauka, unafuta unahesabu mpaka kumi na tano tayari unabandika. Kazi ikaenda mbio tukafurahi wote.

Sasa shida. Mwenzetu mmoja, dada tunayekaa naye meza moja, alianza kusema vidole vya miguu vinawaka alafu baadae akasema havisikii kitu. Juzi ndala imemtoka mguuni hakujua, amefika mlangoni ndo anaona mguu mmoja mtupu. Mwingine anashindwa kufunga vifungo vya shati, vidole vya mkono vizito. Wa tatu anajikwaa kwenye ngazi kila siku anasema miguu haina nguvu. Mimi mwenyewe ganzi sina ila kichwa kuanzia saa nane mchana kinauma na nakua kama nimelewa, jumapili nikipumzika sina tatizo lolote, jumatatu mchana kimerudi.

Yule dada alienda zahanati akapimwa sukari, haina shida, akapewa vitamini karudi kazini. Supavaiza anasema gundi haiwezi kua sababu mana hii ina harufu ndogo kuliko ya zamani, na tumepewa barakoa za karatasi. Bosi sio mtu mbaya, amesema tumletee ushahidi atafanya kitu. Ushahidi tunautoaje sisi? Hatuna mashine ya kupima hewa wala nini. Na ninaogopa tukilalamika bila mpangilio itaonekana tunakwepa kazi.

Kijana_wa_Stoo
Poleni sana. Fungueni madirisha na mvae barakoa mbili mbili, na feni iwe kubwa. Kwetu tulifanya ivyo kichwa kikapungua.

MkaguziWaZamani
MezaYaSoli asante kwa kuandika kwa undani ivyo, hiyo habari ya ndala kutoka mguuni bila mtu kujua imenishtua na nitakuambia kwa nini.

Nimefanya ukaguzi wa afya kazini miaka mingi na maelezo yako, gundi ya viatu, dawa inayokauka haraka, harufu ndogo, ganzi inayoanzia vidoleni na kupanda juu pande zote mbili sawa, yananifanya nifikirie kitu kimoja kabla ya vingine vyote, kinaitwa heksani. Sijaiona gundi yenu kwa iyo sisemi ndiyo yenyewe, nasema hapo ndipo mngeanza kuchimba. Ni kimiminika kinachotokana na mafuta ya petroli, kinatumika sana kuyeyushia gundi na kufutia mafuta kwa sababu kinaruka hewani haraka. Ukikivuta, ini linakigeuza kua kemikali nyingine (inaitwa heksanedioni) na hiyo ndo inayoharibu mishipa ya fahamu, inaanza na ile mirefu zaidi mwilini yaani inayofika vidole vya miguu, ndo maana miguu inatangulia mikono. Miaka ya 1960 mafundi viatu Italia na watengeneza ndala Japani waliugua ivi ivi mpaka wengine wakashindwa kutembea, tena wengi walikua wanafanya kazi kwenye vyumba vidogo visivyo na hewa.

Kuhusu harufu, mwambie supavaiza kwa heshima kabisa kwamba pua sio kipimo. Kuna sumu zisizonuka kabisa, na hata inayonuka pua inaizoea baada ya dakika chache.

Kijana_wa_Stoo nimeelewa nia yako njema ila barakoa ya karatasi inazuia vumbi, haizuii mvuke. Mvuke unapita hapo kama barakoa haipo, ukivaa mbili unapata jasho na shida ya kupumua lakini kemikali unavuta ile ile. Inayozuia ni ile ya mpira yenye kopo la mkaa maalum pembeni, na hiyo nayo inataka ikae sawasawa usoni, mwenye ndevu haimbani, alafu mkaa unajaa unatakiwa ubadilishwe. Itawasaidia kwa muda wakati mnatafuta suluhisho, isiwe ndo suluhisho lenyewe.

Sasa swali lako, ushahidi mnautoaje. Msianze na mashine. Anzeni na daftari. Chora ramani ya karakana, meza zote, milango, madirisha, feni inaelekea wapi, makopo ya gundi yanakaa wapi. Alafu muulizeni kila mtu, wote 22, sio wagonjwa peke yao, maswali yale yale: unakaa meza gani, unafanya kazi gani kwa mikono yako, tangu lini, unasikia nini mwilini, kilianza lini, siku za mapumziko kinapungua au la. Waulizeni mmoja mmoja wasisikilizane, mana mtu akisikia mwenzake anasema ganzi na yeye ataikumbuka ganzi. Asiyeumwa ni muhimu kama anayeumwa, yeye ndo anakuonyesha tofauti. Mkimaliza wekeni alama kwenye ramani, dalili zikirundikana sehemu moja mtaziona kwa macho.

Cha pili ombeni karatasi ya taarifa za usalama ya hiyo gundi na hiyo dawa. Kila kemikali ya viwandani inatakiwa iwe nayo, muuzaji anayo, hiyo sio siri wala upendeleo. Angalieni sehemu ya tatu imeandikwa viambato na asilimia zake. Tafuteni neno heksani, na pia tafuteni kitu kinaitwa MEK (methyl ethyl ketone, kiyeyushi kingine cha gundi), hicho peke yake sio kibaya sana lakini kikiwa pamoja na heksani kinaifanya iharibu mishipa zaidi.

NesiWaZamu
Naongezea upande wa hospitali. Huyo dada na wale wawili warudi tena, na safari hii waende na jina la kemikali limeandikwa kwenye karatasi, au hata picha ya lebo ya kopo. Waseme wazi kwa daktari: nafanya kazi na gundi, masaa mangapi kwa siku, tangu lini, na wenzangu wawili wana hali kama yangu. Hiyo sentensi ya mwisho inabadilisha kila kitu. Mgonjwa mmoja mwenye ganzi daktari atafikiria sukari, vitamini, pombe. Watatu wa meza za jirani ni habari nyingine kabisa.

Inaniuma kusema lakini mara nyingi sisi wa hospitali hatuulizi. Kuna daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini, mwaka 1700 aliandika kwamba kwenye maswali yote daktari anayomuuliza mgonjwa aongeze moja, unafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 imepita na bado mtu anatoka zahanati na vitamini bila kuulizwa kazi yake. Kwa iyo msisubiri muulizwe, semeni wenyewe.

Kipimo cha kuomba ni cha mishipa ya fahamu, wanaweka vijiwaya miguuni na mikononi wanapima umeme unasafiri kwa kasi gani. Na mkojo unaweza kupimwa hiyo heksanedioni, ila mkojo utolewe mwisho wa shifti, mwisho wa wiki ya kazi, sio jumatatu asubuhi baada ya mapumziko, mana mwili utakua umeshaitoa nyingi mtaambiwa mko salama kumbe la.

Jambo lingine nalisema mapema lisije likawavunja moyo. Kwa ugonjwa huu mtu anaweza kutolewa kwenye kemikali na bado ganzi ikazidi kwa wiki au hata miezi kadhaa kabla haijaanza kurudi nyuma. Sio kwamba dawa imeshindwa na sio kwamba gundi haikua sababu. Wengi ambao haijawafika mbali wanapona ila inachukua miezi, wengine mwaka na zaidi. Ndo maana yule dada asiguse gundi hata kesho. Sio akimaliza oda hii, kesho.

SpanaMkononi
Mimi nimepitia hii nikiwa gereji. Tulikua na kopo la kupuliza la kusafishia breki, unapuliza linaondoa grisi na kukauka hapo hapo, nilikua namaliza makopo kwa siku siwezi hata kuhesabu na nilikua naoshea nalo mikono kabla ya kula mana sabuni haitoi oili, basi ikaanza nyayo kama nakanyaga sufi, nikitembea usiku gizani nayumba mpaka nishike ukuta, nikafikiri ni uchovu, nikafikiri viatu, nikabadilisha viatu mara mbili. Ilichukua mwaka mzima mtu kuniuliza natumia nini kazini. Baadae nikaja kusoma kwamba mwaka 2001 ilitangazwa kuwa mafundi magari wa California walipata tatizo hilo hilo kwa dawa hiyo hiyo ya breki, ilikua na heksani. Yaani habari ilikuwepo imeandikwa ila haikunifikia mimi niliyeshika kopo.

Kwa iyo kaka naomba unisikilize, kama mnaosha mikono na tina au hiyo dawa acheni leo leo. Na glavu nyembamba za mpira za kawaida zinapitisha, tafuteni za naitrili.

Nilipona ila vidole viwili vya mguu wa kushoto mpaka leo havijarudi sawa. Mwambie huyo dada aende.

Kijana_wa_Stoo
Asante MkaguziWaZamani nimejifunza, sikujua kuhusu barakoa. Swali, si wanaweza kuwasha kijiti cha moshi waone hewa inaelekea wapi? Niliona fundi wa viyoyozi anafanya ivyo.

MkaguziWaZamani
HAPANA, tafadhali msiwashe chochote. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Mvuke wa heksani unashika moto hata kwenye baridi kali chini ya sifuri, na ni mzito kama mara tatu ya hewa, unatambaa sakafuni unaweza kufuata moto uliopo mbali na kopo. Fundi wa viyoyozi anafanyia sehemu isiyo na kemikali. Nyinyi kateni kipande chembamba cha mfuko wa nailoni au uzi mwepesi, fungeni kwenye kijiti, tembeeni nacho meza hadi meza, kinapoelekea ndiko hewa inakoelekea. Andikeni mishale kwenye ramani.

MezaYaSoli
Wakuu nimerudi, siku tisa zimepita. Nawashukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Tumeuliza wote 22, mimi na mwenzangu mmoja tuligawana, tuliuliza saa ya mapumziko mmoja mmoja nje. Meza za kubandika tuko 7, watano wana dalili, watatu ganzi na sisi wawili kichwa na kulewa lewa. Wa kukata ngozi wako 6 hakuna hata mmoja. Stoo na kufunga maboksi 4 hakuna. Cherehani ziko 5, na hapo ndo tulichanganyikiwa, mmoja ana ganzi ya miguu kabisa alikua hajamwambia mtu, na yeye gundi hajawahi kushika maisha yake. Supavaiza alipoona akasema mnaona sasa, sio gundi.

Tukafanya ile ya uzi kwenye kijiti. Feni kubwa ya ukutani iko nyuma yetu sisi wa gundi, inapuliza mbele, na mshale ulinyooka moja kwa moja mpaka cherehani ya mwisho, ile ya huyo mama. Uzi ulisimama kuelekea usoni kwake. Wale wengine wanne wamekaa pembeni ya nguzo upepo hauwafikii. Supavaiza alishika kile kijiti mwenyewe akarudia mara tatu, hakusema kitu, alienda kuzima feni. Nilimheshimu sana pale.

Karatasi ya usalama ilichelewa lakini imekuja. Gundi ina heksani kidogo na MEK. Ile dawa ya kufutia imeandikwa heksani asilimia 60 mpaka 70. Na sisi tunaiweka kwenye bakuli wazi mezani kutwa nzima.

Bosi amesoma, ameuliza kama tuite watu waje kupima hewa kwanza au tufanyeje. Muuzaji amemwambia kiwango cha sheria huko Marekani ni 500 na sisi hatuwezi kua tumefika huko.

MkaguziWaZamani
Kazi mliyoifanya wewe na mwenzako ndiyo uchunguzi wenyewe, wapo waliolipwa kwa kazi hii ambao wasingemfikia huyo mama wa cherehani.

Tuanze na hiyo 500. Ni kweli sheria ya Marekani inasema wastani wa sehemu 500 za heksani kwenye milioni ya hewa kwa shifti ya masaa 8. Ila ni kiwango kilichopitishwa miaka ya mwanzo ya 1970 na hakijabadilishwa, wakati taasisi ya utafiti ya nchi hiyo hiyo, NIOSH, inapendekeza isizidi 50. Mara kumi chini. Kwa iyo mtu anaweza kua ndani ya sheria na miguu inakufa ganzi vile vile. Muulizeni muuzaji kwa nini amechagua namba moja akaacha nyingine.

Kupima hewa ni vizuri, kwa kupima wanamvalisha mfanyakazi kipampu kiunoni na kijibomba chenye mkaa kwenye kola karibu na pua, shifti nzima, mana tunataka hewa anayovuta yeye na sio hewa ya katikati ya chumba. Lakini msisubiri kipimo ndo mchukue hatua. Watu sita wanaumwa kati ya 22, kemikali inajulikana, njia yake mmeiona kwa uzi. Mkipima wiki tatu zijazo, hizo wiki tatu kuna mtu anavuta.

Hatua ya kwanza ni kuitoa ile dawa kabisa. Mbona kabla ya miezi mitano mlifanya kazi bila hiyo? Ila kuweni makini na mbadala, hapa ndo watu wanaumia. Mwaka 2009 kiwanda kimoja Suzhou, China, kilikua kinafuta skrini za simu kwa spiriti, wakahamia heksani kwa sababu hiyo hiyo ya kukauka haraka, wafanyakazi zaidi ya 100 waliumia. Kila kitu kipya kikija, karatasi yake isomwe kabla kopo halijafunguliwa. Gundi ya maji ipo kwa kazi nyingi za soli, inakauka polepole na itabidi bosi akubali kasi ipungue, mwambieni mapema asije akashangaa.

Kwa gundi itakayobaki mnahitaji bomba la kufyonza, sio feni ya kupuliza. Feni inamhamishia jirani kama mlivyoona. Na mdomo wa bomba ukae karibu sana na kazi, nimekuta karakana nyingi zimelipia bomba zuri likawekwa darini halifanyi kitu. Mvuto unakufa haraka mno, mdomo wa sentimita 20 ukiwa mbali sentimita 20 tu na kazi yako mvuto umebaki kama asilimia 10. Uwekwe pembeni au nyuma ya soli, usiwe juu ya kichwa, mana ukiwa juu mvuke unapita puani kwako kwanza ndo uende bombani. Mabakuli wazi yaondoke, tumieni chupa za kubonyeza au makopo yenye kifuniko, matambara yaliyotumika yaingie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko.

Na ule woga wako wa mwanzo wa kuonekana mnakwepa kazi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unasema mfanyakazi akijitoa kwenye hatari kubwa iliyo mbele yake, akiwa na sababu za msingi za kuamini ivyo, alindwe asiadhibiwe. Na mwaka 2022 mazingira salama ya kazi yaliingizwa kwenye haki za msingi za kazi. Ulizeni kama nchi yenu imeuweka kwenye sheria zake. Inaonekana bosi wenu hamtahitaji kufika huko, ila mjue ipo.

MezaYaSoli
Dawa imesimamishwa tangu juzi. Feni imezimwa, fundi anakuja kupima bomba. Wote wanne wenye ganzi wameenda hospitali na karatasi mkononi kama NesiWaZamu alivyosema, daktari wa safari hii alisoma karatasi yote mpaka mwisho, wamepewa ruhusa ya kutogusa gundi na watapimwa mishipa wiki ijayo. Yule dada amehamishiwa maboksi kwa mshahara ule ule. Bado haisikii miguu na analia lakini nimemsomea ile ya kwamba inaweza kuzidi kwanza, amesema bora kujua.

SpanaMkononi
Mungu amponye. Mwambie asitembee pekupeku, na kila jioni akague nyayo kwa macho, mana ukijichoma hutasikia. Mimi nilikanyaga msumari nikaona damu ndo nikajua.

Swali kaka, hayo matambara na mabakuli nani anayasafisha jioni?

MezaYaSoli
Kuna mama wa usafi anakuja tukishatoka. Anafunga madirisha, anamwaga mabakuli, anafua matambara kwa mkono kwenye karai.

Hayumo kwenye wale 22. Hatukumuuliza. Leo nabaki mpaka afike.